Ilimwagwa Wapi? Hotuba kuhusu kusafisha udongo na maji ya ardhini palipokuwa na drai klina

Hotuba hii ilitolewa jijini Tanga mbele ya wenye madobi, wachimba visima, wenyeviti wa mitaa na wananchi wengine. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro iliyooneshwa ukutani imeachwa, na palipohitaji maelezo yake nimeyatia ndani ya maneno.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, masheikh na wachungaji wetu, mama zangu, baba zangu, na nyinyi wachimba visima ambao kila mkutano mnakaa nyuma karibu na mlango: Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya ardhi iliyoingiwa na kemikali za drai klina: namna kemikali hizo zinavyoingia ardhini, namna zinavyofika kisimani, na namna zinavyoweza kuondolewa. Katika yote nitakayosema nitarudi kwenye swali moja, na mniwie radhi mkinisikia nikilirudia hata likawachosha. Swali lenyewe ni hili: ilimwagwa wapi?

Nianze kwa kuwatuliza baadhi yetu. Dobi anayefua kwa maji na sabuni na kupiga pasi ya mkaa barazani hahusiki na haya, na asitoke mtu hapa akaenda kumtia hofu jirani yake. Ninazungumzia mashine zinazosafisha nguo kwa kimiminika kisicho maji. Kimiminika kilichotawala kazi hiyo duniani tangu katikati ya karne iliyopita kinaitwa perkloroethilini, jina refu ambalo nitalikata niseme perki. Wenye mashine waliipenda kwa sababu za haki kabisa: haishiki moto, inayeyusha mafuta bila kuiharibu sufi wala hariri, na ikishatumika huchemshwa, mvuke wake ukapozwa, ikarudi kuwa safi na kutumika tena. Kemikali hiyo hiyo hutumika pia viwandani na katika karakana kuondoa grisi kwenye vyuma, kwa hiyo wenye gereji msiwacheke wenzenu. Nanyi mumo.

Ubaya wake uko wapi basi? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka perki katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mtu anayeivuta au kuinywa kwa muda mrefu huweza kudhurika ini, figo na mfumo wa fahamu. Nchini Marekani sheria imeweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Tufanye hesabu pamoja. Lita moja ya perki ina uzito wa kilo 1.62 hivi. Ukiusambaza uzito huo kwa mikrogramu 5 katika kila lita, utapata maji lita milioni 324. Lita moja, ndugu zangu. Sikusema pipa, wala dumu. Lita moja ikiyeyuka yote inatosha kuyafikisha maji mengi kiasi hicho kwenye kikomo cha kunyweka.

Nasikia mtu anasema, si tutaisikia harufu? Hatutaisikia. Harufu ya perki katika maji huanza kutambulika inapofika miligramu 0.3 kwa lita, yaani mara 60 ya kikomo hicho nilichokitaja. Mwenye kungoja pua imwambie atakuwa ameshakunywa muda mrefu. Je, tukiyachemsha? Kuchemsha maji ni nasaha njema dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, na wala sitaki mtu aiache. Lakini perki inapochemshwa hutoka pamoja na mvuke, ikaenea jikoni, akaivuta mpishi na mtoto aliye mgongoni kwake. Vidonge vya klorini navyo haviisaidii hali hii, maana perki yenyewe tayari imejaa klorini.

Sasa naomba tushuke chini ya ardhi, kwa sababu ukiijua tabia ya kimiminika hiki utaelewa kwa nini kusafisha kwake kunagharimu sana.

Petroli ikimwagika ikafika kwenye maji ya ardhini huelea juu yake, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, na fundi anaweza kuichota pale juu. Perki ni nzito kuliko maji. Ikiyafikia maji haisimami. Inapita katikati yake, inazidi kushuka, mpaka ikutane na tabaka la mfinyanzi au mwamba usiopitisha. Hapo hutandaa, na mfinyanzi ukiwa na mteremko, perki hufuata mteremko wa mfinyanzi hata kama maji yanaelekea upande mwingine. Mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Schwille, aliyefanya kazi katika taasisi ya elimu ya maji kule Koblenz, alilionesha jambo hili kwa namna ambayo mtoto wa shule angeielewa. Alijaza mchanga ndani ya matangi ya kioo, akatia maji, kisha akamimina viyeyushi vya namna hii vilivyotiwa rangi, akakaa anatazama. Vimiminika vile havikushuka kwa upana kama maji ya mvua yanavyolowesha bustani. Vilishuka kwa michirizi myembamba kama vidole, vikakwepa hapa, vikatandaa pale kwenye mchanga laini, vikapenya tena. Na kila vilipopita viliacha matone madogo yamenasa kati ya punje za mchanga, matone yasiyosogea tena.

Hayo matone ndiyo balaa letu. Mama zangu mnajua kuwa chicha la nazi, hata ulikamue mara ngapi, ukilitia maji tena bado litatoa weupe. Mchanga uliopitiwa na perki uko hivyo hivyo: maji ya ardhini yanaupitia mwaka baada ya mwaka, na kila yanapopita huchukua kidogo, kwa sababu lita moja ya maji haiwezi kuyeyusha zaidi ya miligramu 150 hadi 200 hivi za perki. Kidogo hicho, mkikumbuka kile kikomo, ni zaidi ya mara elfu 30 ya kinachoruhusiwa. Hapa Tanga tunajisifu kwa kusema waja leo waondoka leo. Perki haijausikia msemo huo. Ikija, inakaa miongo.

Inafikaje huko chini? Wengi hudhani lazima pipa lipasuke. Yapo mapipa yaliyopasuka, lakini sehemu kubwa ya uchafuzi katika nchi zilizochunguza jambo hili ilitokana na kazi za kila siku zilizofanywa na watu wasiojua kuwa wanakosea. Mashine za kizazi cha kwanza zilikuwa mbili mbili: nguo zilisafishwa katika moja, kisha zikabebwa kwa mikono zikiwa bado zinachuruzika na kutiwa katika ya kukaushia, na matone yakaanguka sakafuni. Sakafu ya zege tunaiamini kupita kiasi. Perki hupenya kwenye nyufa zake, na mvuke wake hupenya hata pasipoonekana ufa. Halafu kuna matope yanayobaki chini ya mtambo wa kuichemshia, meusi, mazito, yenye uchafu wa nguo na perki ndani yake. Kuna machujio yaliyochakaa. Na kuna kitu ambacho nataka wenye mashine wakisikie vizuri kuliko vyote: maji ya kitenganishi. Unyevu uliokuwa kwenye nguo hutengana na perki ndani ya chombo maalumu, na yale maji yanayotoka yanaonekana safi kabisa, meupe kama ya mvua. Kwa miaka mingi yalimwagwa kwenye sinki au kwenye karo bila mtu kuona neno, na mabomba ya maji machafu huvuja kwenye viungio. Kumbe maji hayo yamebeba perki kwa kiasi kile kile kikubwa nilichokitaja sasa hivi.

Nitawapa kisa kimoja ambacho kimeandikwa na kuthibitishwa. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, kuna kambi kubwa ya wanajeshi wa majini iitwayo Camp Lejeune. Nje ya uzio wa kambi, ng'ambo ya barabara, palifunguliwa drai klina katika miaka ya 1950. Taka za perki ziliingia katika karo lake, na matope makavu ya mtambo yalitumika kufukia mashimo ya kijia cha uwanjani. Fikirini: kijia kina mashimo, mkononi una kifusi kinachoshika vizuri, utafanya nini? Mita mia chache kutoka hapo kulikuwa na visima vilivyowahudumia wanajeshi na familia zao katika makazi ya Tarawa Terrace. Wachunguzi wa serikali yao walipokuja kurudisha hesabu nyuma kwa kielelezo cha kompyuta, walikadiria kuwa maji ya makazi yale yalivuka kikomo cha mikrogramu 5 tangu mwishoni mwa mwaka 1957, na visima vibaya zaidi vilifungwa mwezi Februari 1985. Mwaka huo wa 1985 maji yale yalipimwa yakakutwa na mikrogramu 215 kwa lita. Sehemu nyingine za kambi zilikuwa na uchafuzi wake wenyewe, kutoka kwenye karakana na matangi ya kambi, na hilo tusimbebeshe mwenye drai klina. Lakini uchafuzi wa Tarawa Terrace ulitoka kwenye drai klina. Mwaka 2022 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwaruhusu waathirika wa kambi nzima kudai fidia mahakamani.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu ya yale mashimo ya kijiani. Hakuna mchoro wa jengo ungeonesha kuwa kijia kilifukiwa kwa matope ya mtambo. Jambo la namna hiyo linajulikana kwa mtu aliyeshika koleo. Mimi nimefanya kazi na mzee mmoja, katika mji mwingine wa pwani, ambaye ujanani alikuwa mwendesha mashine. Sisi wataalamu tulikuwa tumeikunjua ramani juu ya boneti ya gari, tunabishana kuhusu bomba la mbele. Mzee alitusikiliza kwa adabu, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akapita kamba ya nguo, akasimama kwenye pembe ya ukuta ambapo saruji ilikuwa imebanduka kufika usawa wa goti. "Ndoo ilikuwa ikisuuzwa hapa, wanangu," akasema, "maana hapa palikuwa na kivuli." Tulipochukua sampuli za hewa iliyomo udongoni, pembe ile ndiyo iliyosoma juu kuliko pengine pote kiwanjani. Ilimwagwa wapi? Ilimwagwa palipokuwa na kivuli. Hakuna kitabu cha uhandisi kinachosema hivyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kusafisha ni kuuliza. Ya pili ni kupima, na upimaji wenyewe una adabu zake. Perki hukimbilia hewani, basi sampuli ya maji haichukuliwi kwa chupa ya plastiki iliyonunuliwa dukani ikiwa na soda. Huchukuliwa kwa kichupa cha kioo cha mililita 40. Unamimina polepole, kichupa kimeinamishwa kidogo ili maji yasitoe povu, mpaka maji yafure juu ya mdomo wake. Unafunika, unakigeuza juu chini, unakigonga kwa kidole, unatazama kwenye mwanga. Ukiona kiputo kimepanda, mwaga, anza upya, kwa sababu perki itahamia ndani ya kile kiputo na maabara itakupa majibu ya uongo yanayofurahisha. Kisha unakiweka kwenye barafu. Mchukua sampuli anayekwenda mbio kwenye jambo hili ni heri asingekwenda.

Sasa tumejua ilimwagwa wapi, na tumepima. Tunasafishaje?

Kuchimba udongo na kuuondoa ndilo jambo linalomjia kila mtu kwanza, na pale ambapo uchafu ni wa juu juu na haujafika kwenye maji, ni njia nzuri. Lakini udongo huo ni taka hatarishi. Ukiupakia kwenye lori ukaenda kuumwaga dampo la kawaida, umeihamisha tu kesi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Pale udongo ulipo mkavu na una mchanga, huwekwa mabomba yenye matundu, yakaunganishwa na pampu ya kunyonya hewa, na mvuke wa perki ukavutwa kutoka ardhini na kupitishwa kwenye mkaa maalumu unaoinasa. Mkaa huo, kwa taarifa yenu, mwingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Vifuu tunavyo, viwanda vya kuvigeuza kuwa mkaa huo ndivyo vya kutafuta. Kwenye mchanga njia hii hufanya kazi vizuri. Kwenye mfinyanzi uliolowa haifui dafu.

Njia iliyotumika zaidi zamani ilikuwa kuyapiga maji kwa pampu, kuyasafisha kwa mkaa ule ule, na kuyarudisha. Mtambo uliwashwa, kipimo kikashuka kwa haraka miezi ya mwanzo, watu wakapongezana. Kisha kipimo kikasimama, kikagoma kushuka zaidi. Na mtambo ukizimwa, kikapanda tena. Sababu ni yale matone, na ni mfinyanzi pia: perki iliyoingia ndani ya mfinyanzi kwa miaka 30 haitoki kwa miaka miwili. Siku hizi pampu hutumika zaidi kuuzuia mkondo wa uchafu usiende kwa jirani kuliko kuumaliza. Na kwetu pwani kuna jambo la ziada: ukipiga maji mengi karibu na bahari utayaita maji ya chumvi. Mtu anayekuja kutuuzia mitambo ya pampu kwa ajili ya Raskazone, pale kando ya bahari, bila kuitaja chumvi, mimi ningempa chai nikamuaga.

Kuna njia ya chuma, na namna ilivyogunduliwa inapendeza. Katika miaka ya 1980, huko Waterloo, Kanada, Profesa Robert Gillham na mwanafunzi wake walikuwa wanachunguza kama vifaa vya kuchukulia sampuli vinayaharibu majibu. Wakaona viyeyushi vikipungua vinapogusana na baadhi ya metali. Mtu mwingine angeandika kuwa metali hazifai kwa vifaa, akafunga daftari. Wao walijiuliza: ikiwa chuma kinaipoteza kemikali, kwa nini tusikizike chuma ardhini? Mwaka 1991, katika kambi ya Borden jimboni Ontario, walijenga ukuta wa majaribio wa unga wa chuma uliochanganywa na mchanga, maji machafu yakaupitia yenyewe bila pampu. Chuma kinapoliwa na kutu hutoa elektroni, na elektroni hizo huzing'oa klorini kutoka kwenye molekuli moja baada ya nyingine. Kuta za namna hii zimejengwa mahali pengi tangu hapo. Zinahitaji jambo moja: ujue maji yanapita wapi, ili ukuta uwe njiani mwake.

Nataka nikae kidogo zaidi kwenye njia ya vijidudu, kwa sababu naona hiyo ndiyo inayofaa mifuko yetu, na pia ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi na watu wenye haraka. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, walitangaza kuwa wamemtenga bakteria kutoka kwenye matope ya mtambo wa maji taka wa mji wa Ithaca, bakteria ambaye anaishi kwa kuitumia perki kama sisi tunavyoitumia oksijeni. Kundi lake linaitwa Dehalococcoides. Huing'oa klorini moja, perki ikawa trikloroethilini. Akang'oa nyingine, na nyingine tena, mpaka mwisho ibaki ethilini, gesi ile ile inayotolewa na ndizi zinapoiva. Yeye hataki oksijeni, hewa humuua. Anachotaka ni haidrojeni, na haidrojeni huipata tukiwalisha bakteria wengine wa jirani zake kwa mafuta ya kula yaliyovurugwa na maji hadi yakawa kama maziwa, au kwa molasisi. Mnaona? Mafuta ya kula na molasisi. Vitu vya soko la Mgandini.

Lakini hapa wasikilizaji wangu naomba masikio yote. Kabla ya kufika kwenye ethilini, kuna kituo kimoja njiani kinachoitwa vinili kloraidi, na hiyo ni mbaya kuliko perki yenyewe: imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na kikomo chake katika sheria ya Marekani ni mikrogramu 2 kwa lita. Ikiwa ardhini hamna wale bakteria wa kumalizia kazi, au wamekosa chakula katikati, safari hukwama kituoni, na wewe uliyekuja kumsafishia mtu kisima umempa sumu kali zaidi. Mtu akikuletea karatasi inayoonesha kuwa perki imepungua kwa tisini kwa mia, usimpigie makofi. Muulize: na vinili kloraidi ni ngapi? Na ethilini imeonekana? Bila majibu hayo mawili, karatasi hiyo haina maana.

Njia za joto nitazitaja kwa sentensi moja: ardhi hupashwa kwa umeme, na kwa kuwa perki na maji vikiwa pamoja huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, mvuke hutoka ukanaswa, ni njia ya haraka na ya uhakika, na bei yake ya umeme itatufanya tuizungumze kwa heshima na kuiacha.

Haya yote yamejaribiwa zaidi kwenye mchanga na changarawe. Sisi tumekalia nini? Katika sehemu nyingi za pwani yetu tumekalia mwamba wa matumbawe na chokaa. Nendeni Amboni mkatazame: yale mapango yalichimbwa na maji ndani ya chokaa ya kale. Ndani ya chokaa yamo mapango makubwa tunayolipia kiingilio, na yamo mengine membamba ya upana wa mkono ambayo hakuna aliyeyaona. Kwenye mchanga, maji ya ardhini mara nyingi hutembea kwa sentimita chache kwa siku. Kwenye mifereji ya chokaa huweza kwenda mamia ya mita kwa siku. Unaweza kuchimba kisima cha uchunguzi mita 5 kutoka kwenye mfereji uliobeba uchafu, ukapima maji safi, ukamwambia mwenye nyumba alale usingizi, huku jirani wa mtaa wa tatu anakunywa. Ndiyo maana kwetu sisi kulijua eneo la kumwagia kuna thamani kubwa kuliko kwa Mjerumani mwenye mchanga wake: mkondo hatutaweza kuufuata vizuri, basi tukishike chanzo.

Maji ya bomba ya jiji letu yanatoka katika Bwawa la Mabayani, kwenye Mto Zigi, mbali na mashine za mjini, kwa hiyo mwenye bomba asitishike na maneno yangu. Anayenigusa ni mwenye kisima uani, Ngamiani au Makorora, anayekitumia bomba linapokatika, na yule anayemuuzia jirani ndoo.

Tufike kwenye sheria na fedha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Kanuni ni nzuri. Lakini mchafuzi mwenyewe huenda amefariki, duka limegeuzwa la simu, na mrithi hajawahi kuiona mashine. Jimbo la Florida lilikutana na hali hii likatunga mpango mwaka 1994: wenye drai klina wanatozwa sehemu ndogo ya mapato yao, na kila galoni ya perki inatozwa dola 5, fedha zikaingia kwenye mfuko wa kusafishia viwanja vilivyochafuliwa. Jambo lililofanya mpango huo uende ni kwamba mwenye kujitokeza na kueleza hali ya kiwanja chake alisaidiwa. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tukiweka adhabu peke yake tutawafundisha watu kuficha. Kwetu kemikali za viwandani husajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa hiyo ipo mahali ambapo tozo ndogo inaweza kukusanywa na ambapo kumbukumbu ya nani aliagiza nini inaweza kutunzwa. Ni maoni yangu tu, lakini naamini wenyeviti na madiwani wanaweza kuyapeleka mbele.

Wenye mashine mliopo: msinunue mashine kuukuu ya perki kwa sababu imeshuka bei. Imeshuka kwa sababu wenzetu wanaitupa. Mwezi Desemba 2024 Marekani ilitangaza kanuni ya kuiondoa perki katika drai klina kwa kipindi cha miaka 10, na jimbo la California lilikwisha kuimaliza mwaka 2023. Maji ya kitenganishi yasiingie kwenye karo hata siku moja. Yawekeni kwenye chombo cha kufungwa pamoja na matope, yakabidhiwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Wenyeviti wa mitaa, karatasi ziko mezani. Anayekumbuka drai klina au karakana ya zamani, hata kama jengo limeshavunjwa, aandike mtaa, miaka anayoikumbuka, na upande wa uwanja ilikomwagwa ndoo. Jina la mwandishi halihitajiki.

Na nyinyi wachimba visima, nimewaweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa nyinyi mnaweza kuliharibu jambo hili kwa asubuhi moja. Mkiitwa kuchimba kwenye kiwanja kilichokuwa drai klina au karakana, mkafika kwenye tabaka la mfinyanzi, simameni. Huo mfinyanzi huenda ndio peke yake unaoizuia perki isifike kwenye maji ya chini. Mkiutoboa, mmeifungulia mlango, na kisima chenu kitakuwa njia yake. Shimo la namna hiyo lijazwe kwa saruji iliyochanganywa na bentonaiti, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa, likijazwa kutoka chini kupanda juu, si kwa kifusi, na mwenye kiwanja apewe taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo, yenye kina mlichofika na rangi ya udongo mliokutana nao.